Minyororo Kwenye Gurudumu

Masika yakishika, barabara ya kwetu, ng'ambo ya machimbo ya mawe ya Mwakirunge, huacha kuwa barabara. Udongo ule wa mfinyanzi ukilowa hunasa kama gundi, na gari halipiti kabisa. Waendesha bodaboda wengi huegesha pikipiki zao wakangoja jua. Sisi wachache tunaobaki kazini huzivisha minyororo. Tunachukua minyororo chakavu ya pikipiki, tunaikata vipande, tunavilaza kukingama tairi la nyuma na kuvikaza kwa waya. Madigadi tunaing'oa, la sivyo tope hujaa ndani yake na gurudumu likagoma. Pikipiki iliyovishwa hivyo hukwaruza na kutikisa mifupa, lakini tope inalipanda. Watoto wa huku huziita vifaru.

Kazi hii niliianza nilipoacha shule, darasa la saba, mama alipomfuata baba kaburini. Matanga yalipokwisha, jamaa walikaa mkekani wakatugawanya: mdogo wangu wa kiume aende kwa mjomba Magongo, kitinda mimba wetu, msichana, aende kwa shangazi Bofu, ng'ambo ya feri. Mimi ndimi mkubwa. Nikasema hagawanywi mtu. Shangazi akaniuliza nitawalisha nini, na yule kitinda mimba akiugua nitamfikishaje hospitali. Nikamjibu kwamba, inshallah, nitamfikisha.

Aliuliza hivyo kwa sababu yule msichana ana selimundu. Damu yake hukwama mishipani, na baridi ikimpiga, maumivu humvamia mifupani. Kwa hiyo kila masika mimi nilisikiliza mvua juu ya bati nikijua inaniuliza swali la shangazi.

Mwaka huu, asubuhi moja, nilimkuta amejikunja kitandani, ameuma ncha ya leso asilie. Vidonge vya nyumbani havikufua dafu. Mdogo wangu wa kiume alinisaidia kumpakia, tukamfunga mgongoni kwangu kwa leso mbili na kumfunika nailoni. Yule wa kiume akabaki nyumbani, sisi wawili tukaingia topeni. Pikipiki ilikuwa ikienda upandeupande, na kila ilipotikisika nilisikia pumzi yake ikikatika sikioni mwangu. Hakulia. Afadhali angelia.

Tulipofika machimboni, udongo ukaisha, mwamba ukaanza. Hapo ndipo kila mmoja wetu husimama akafungua minyororo, maana juu ya mwamba hukatika, na kipande kikijizungusha ndani, gurudumu hukwama ghafla. Mwenzetu mmoja alipitiliza kwa haraka zake. Hadi leo hatembei sawa. Nikasimama, nikamfungua mdogo wangu mgongoni, nikamketisha kwenye kibanda cha wakata mawe.

"Kaka, usifungue," akasema. "Twende tu."

"Hapa ni mwamba. Mnyororo ukikatika tutaanguka."

"Basi tuanguke."

Waya zilikuwa zimejaa tope na mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi. Sasa alikuwa akilia kwa sauti, kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake. Mkata mawe mmoja, mtu mzima, alisimama juu yangu.

"We mwana, mtoto yuafa hapa, nawe washughulika na pikipiki?"

Nilikata waya moja baada ya nyingine. Yule mzee alipoona nimeng'ang'ana, aliinama akaanza kuvuta vipande kwa mkono, huku akinung'unika kwamba vijana wa siku hizi wana mioyo migumu kuliko mawe yake. Kipande cha mwisho kilipotoka, alinisaidia kumfunga tena mgongoni. Mdogo wangu alikuwa amenyamaza, na ukimya ule ulinitisha kuliko kilio.

Tulifika hospitali. Wakamtundikia maji na dawa ya maumivu, akalala. Nikampigia shangazi simu, akavuka na feri akaja, nguo zimemlowa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, mwanangu. Nilikuwa nimejiandaa kusimangwa. Yeye alichovya kitambaa akaanza kumfuta mtoto tope miguuni, kidole kwa kidole.

Mdogo wangu alipofumbua macho, alitutazama sote wawili, kisha akanigeukia.

"Kaka, nataka niende na shangazi. Mpaka mvua zikatike."

"Na zikishakatika?"

Akatazama dari.

"Sijui, kaka. Huko kwao gari lafika mlangoni."

Shangazi aliendelea kufuta, kichwa ameinamisha. Nilitaka kumkumbusha mdogo wangu kwamba hagawanywi mtu, lakini niliona midomo yake ilivyopasuka kwa kuuma leso. Nikasema sawa, aende.

Kisha nikaanza kumweleza shangazi. Kwamba halali bila soksi. Kwamba maji lazima anyweshwe hata akikataa, na maji ya kuoga yawe ya moto. Kwamba akinyamaza sana ajue anaumwa. Shangazi akanishika mkono, akaniambia amesikia. Nikamweleza tena habari ya maji ya moto.