Basari ya Bure

Binti yangu alipopata nafasi katika chuo kimoja Ruiru, alikuja kwenye kibanda changu cha mboga hapa mtaani Landless kunieleza njia tatu za kupata karo. Ufadhili ni wa wale waliopita mtihani vizuri sana. Basari ni ya wasiojiweza, na hairudishwi. Mkopo angeulipa mwenyewe akishapata kazi.

"Basari ndiyo nzuri, mum," alisema. "Ni ya bure."

Hapo ndipo niliposhtuka. Mkopo ulisema wazi unachotaka. Hii ya bure ilitaka nini?

Tuliomba vyote viwili, mkopo na basari. Pesa za mkopo ziliingia chuoni kimyakimya. Za basari tuliitwa uwanjani, tukakaa juani tangu asubuhi tukimngoja mheshimiwa, mbunge wetu anayezigawa, na alipofika tukaambiwa tupige makofi. Binti yangu akashikishwa hundi kubwa ya kadibodi, akaambiwa atabasamu apigwe picha. Nilimuuliza msaidizi wa mheshimiwa picha ni ya nini.

"Ni ya kumbukumbu tu, mama."

Sikumwamini, lakini karo ni karo.

Kampeni zilipoanza, nilifika kibandani nikamkuta mtoto wangu amebandikwa mlangoni, anatabasamu kando ya mheshimiwa. Niliikwangua karatasi hiyo kwa kisu cha kukatia sukuma wiki mpaka rangi ya mlango ikatoka.

Binti yangu sasa ana kazi; mkopo anaulipa kidogo kidogo, na siku moja utaisha. Juzi yule msaidizi alipita kununua nyanya, akaniuliza kama nimesahau ni nani alinisomeshea mtoto.