Kucha za Mkono wa Kulia

Wenzangu mliokwenda shule na fagio la chelewa mkono mmoja na dumu la maji mkono wa pili mtanielewa haraka. Vijana nao wasome tu, bando ni lao, wakichoka wataruka mbele kama walivyozoea.

Enzi zetu pale Njinjo mtoto hakuwa na nafasi ya kulalamika kwamba hana cha kufanya. Asubuhi mchakamchaka, mchana kufukuza nyani kwenye mahindi, jioni rede mpaka mpira wa soksi utawanyike uwanjani. Msimu wa korosho tuliokota mabibo, tukala, tukajipaka, na madoa yake yakabaki kwenye gauni mpaka gauni lenyewe likawa dekio. Juu ya yote hayo, mimi nilijifunza gitaa la flamenko. Sikuwa nimepanga.

Alikuja Mhispania mmoja kuchimba visima. Jina lake lilikuwa refu, lakini katikati yake tulisikia kitu kama Inyasi, tukakishika hicho. Baba alimpa chumba cha uani. Kila jioni, akisharudi na udongo mpaka kwenye nyusi, alikaa barazani na kupiga gitaa la kwao Hispania, ndiyo hiyo flamenko. Halikuwa kama gitaa la dansi la redioni, linalokubembeleza. Hili lilikuwa linagomba. Inyasi alifuga kucha za mkono wa kulia, akavifyatua vidole kwenye nyuzi kimoja baada ya kingine, kama mtu anayekung'uta maji, kisha katikati ya wimbo akagonga ubao wa gitaa: ko, ko.

"Karibu!" aliitikia Bibi kutoka chumbani.

Inyasi aligonga tena, Bibi akakaribisha tena. Ilikuwa hivyo kila jioni, na hakuna aliyeona haja ya kumweleza yeyote kati yao.

Hiyo "karibu" ilikuwa karibu neno pekee tulilolisikia kwa Bibi siku hizo. Bibi alikuwa mama yake baba. Mwanawe mdogo, Ami Saidi, alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Lindi, akafia huko wakati wa masika. Barabara ilikuwa imekatika, mto umejaa, wakamzika hukohuko. Sisi habari zilitufikia tope limeshakauka. Bibi hakulia. Aliuliza kama sanda ilikuwa nzima, akaambiwa ndiyo, akaingia chumbani. Tangu hapo alikula alichopewa na kujibu alichoulizwa. Shambani hakwenda tena.

Mimi nilikuwa darasa la tano na kazi yangu ilikuwa kumpelekea Inyasi maji ya kuoga. Nikishayaweka, nilisimama pale pembeni kumsikiliza mpaka maji yapoe. Siku moja alinikalisha, akanipakatisha gitaa lililokuwa karibu sawa na mimi, akanipanga vidole. "Sikia," akasema. "Sikia tena. Halafu piga." Kiswahili chake kiliishia hapo na kwenye majina ya mabomba. Nilipiga. Ilitoka sauti ya bati lililokanyagwa na kuku. Inyasi akatikisa kichwa kwa adabu, akaenda kuoga.

Maji yalipopatikana ilibidi aondoke. Aliniachia gitaa, kaseti moja na karatasi yenye mistari sita iliyojaa namba. Namba zile nilizijumlisha kama tulivyofundishwa darasani, nikapata jibu, lakini halikuwa wimbo. Mama akaitumia ile karatasi kufungia chumvi. Ikabaki kaseti.

Redio kaseti ya baba ilikuwa na betri mpya mara moja kwa mwaka, korosho zikiuzika. Miezi iliyobaki tulizianika betri zilezile juani pamoja na muhogo, tukazigonga kwa jiwe kuzikumbusha kazi. Betri za namna hiyo huzungusha kaseti taratibu. Basi nilipoiweka kaseti ya Inyasi, alitoka mwanamume mwenye sauti nzito sana, anaburuta kila neno kama gunia, na gitaa linamfuata nyuma kwa huzuni. Maalimu wetu wa chuo cha Kurani, aliyekuwa anapita njiani, alisimama akauliza ni nani anasoma.

Mlango wa chumba ukafunguka. Bibi akatoka, akakaa mkekani mbele ya redio.

"Huyu kafiwa na nani?" akauliza.

Mama akasema hatujui, ni mtu wa Ulaya.

"Kafiwa na mtoto," Bibi akasema. "Mrudisheni nimsikie."

Tukamrudisha. Mara ya tatu Bibi alifunika uso kwa kanga na kulia. Alilia kwa sauti, mabega yanapanda na kushuka, mpaka betri zikaisha kabisa. Akainuka, akauliza usiku tunakula nini.

Kuanzia hapo kila alasiri tulimwekea mfiwa wake, ndivyo alivyomwita. Nami nilikaa pembeni na gitaa nikiutafuta ule wimbo kwa sikio. Ili nimfikie mwimbaji pale chini alipokuwa, nililegeza nyuzi mpaka zikawa kama kamba ya kuanikia nguo. Wakati huohuo baba aliuza korosho, akanunua betri mpya. Tukaweka kaseti. Yule mwanamume akatoka na sauti nyembamba, anakimbia, watu wanapiga makofi nyuma yake na mwanamke anapiga vigelegele. Kumbe ulikuwa wimbo wa harusi, au wa jambo linalofanana sana na harusi.

Bibi alisikiliza kidogo. "Mmeniharibia mtu wangu," akasema.

Baba alizima redio, akatoa betri mpya, akarudisha za zamani. Mpya akazitia kwenye tochi. Mazungumzo yakaishia hapo.

Kaseti haikudumu. Alasiri moja redio iliitafuna, utepe ukatoka umekunjamana kama utumbo wa kuku. Tuliunyoosha, tukauzungusha kwa kalamu, ikatoka sauti ya mtu anayezama. Bibi akangoja. Alipoona hakuna linalokuja, aliingia chumbani na kufunga mlango. Siku ya pili hakutoka. Siku ya tatu sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyokwenda.

Baba, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akiliita gitaa langu "huo mzinga", akaja kusimama mbele yangu.

"Mwajuma, unaujua ule wimbo?"

"Naujua nusu, baba."

"Malizia."

Shida ilikuwa kucha. Ukigusa nyuzi zile kwa ncha ya kidole tu, hata aliyekaa karibu hasikii. Nikafuga za mkono wa kulia. Mama hakupenda. "Mkono wa kulia ni wa kulia chakula, si wa kufugia kucha," alisema, akaniondoa kwenye sinia na kunipa kijiko. Ndugu zangu wakala ugali wa muhogo na kisamvu huku wakiniita mzungu. Na Jumatatu, kwenye ukaguzi, mwalimu wa zamu akanishika mkono, akatoa wembe, akazikata zote hadi kwenye nyama. Hakuwa na ubaya. Ndiyo ilikuwa sheria, na kila mwenye kucha alikatwa.

Nilirudi nyumbani nikamwonyesha baba. Aliutazama ule mkono kwa muda. Kesho yake alivaa kanzu ya Ijumaa, na haikuwa Ijumaa, akanipeleka shule.

"Shikamoo, mzee," mwalimu akasema, akimpa kiti.

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya kucha."

"Kucha za nani?"

"Za huyu. Za mkono wa kulia. Za kushoto kateni tu, hata leo."

Mwalimu akanitazama, akamtazama baba, akatazama kanzu. "Mzee, kucha ni uchafu. Nikimwachia mmoja, wiki ijayo darasa zima litakuwa na makucha."

Baba alivua kofia. Hakuwa mtu wa kueleza mambo ya nyumbani kwake, na niliona jinsi alivyokuwa anazungusha kofia mikononi.

"Mama yangu alifiwa na mwanawe, ndugu yangu mimi," akasema. "Kaburi hakuliona. Alipata kulia kwa sababu ya kaseti, na kaseti imekufa. Sasa zimebaki kucha za huyu."

Mwalimu alifunga daftari la zamu. Kuku wa shule aliingia ofisini, akatutazama, akatoka.

"Mama anahitaji kucha ngapi?" mwalimu akauliza.

"Zote tano, mwalimu. Pamoja na ya dole gumba."

"Basi awe anazisugua kwa sabuni."

Zikasuguliwa. Wiki zile Bibi alikuwa anaishi kwa uji, tena wa kubembelezwa, na mimi nilikuwa nazitazama kucha zangu kama mkulima anayetazama mpunga. Katikati ya kungoja uzi mwembamba ukakatika. Baba akaulizia kwa wachuuzi wa samaki wakavu waliotoka Kinjumbi, akapata mshipi wa kuvulia, tukaufunga. Uliimba vizuri kuliko wa mwanzo, ila ulinuka kidogo.

Siku nilipoona kucha ziko tayari, nilikaa mkekani nje ya mlango wa Bibi baada ya alasiri. Nilianza kama yule mwanamume alivyoanza, taratibu, nikikokota. Nikafika kwenye kugonga ubao. Ko, ko.

Nikadhani hatajibu.

"Karibu," Bibi akasema ndani, na sauti ilikuwa imepungua sana.

Akatoka ameshika ukuta. Nilipiga nusu niliyoijua. Nilipofika mwisho wake nikakwama, nikarudia, nikakwama palepale. Nikasubiri kugombezwa.

"Hapo alikuwa anachelewa," Bibi akasema. "Usimkimbize. Mngoje avute pumzi."

Nikangoja. Na pale kwenye kungoja akaingia Bibi mwenyewe. Aliimba kwa Kimatumbi. Alimtaja Saidi, akataja mvua, akataja ule mto uliomzuia, akauliza nani alimwosha mwanawe na kama maji yalikuwa ya moto. Nilichoweza ni kumfuata nyuma na nyuzi zangu zilizolegea. Mama aliacha kutwanga. Baba akasema anakwenda kuwaangalia mbuzi. Hatukuwa na mbuzi.

Bibi alipomaliza alifuta uso, akaomba chakula, akakila chote. Asubuhi yake tulimkuta shambani na jembe, anauliza ni nani amelima matuta kwa kupinda namna ile. Alikuwa ni baba. Akaambiwa arudie, akarudia.

Sasa naishi Lindi mjini, na binti yangu Rehema naye anajifunza gitaa la flamenko. Mwalimu wake yumo kwenye simu, hakosi, hachoki, haendi kuoga. Nyuzi anaagiza Dar. Akikosea, simu inamwambia amekosea wapi. Akipatia, inamrushia nyota. Kucha ameweka za dukani, na shule haina habari. Kusema kweli anapiga vizuri, amenipita mbali, na spidi yake ndiyo yenyewe.

Anapigia chumbani, mlango umefungwa, vidude vimo masikioni, gitaa lake la umeme, lisilo na tumbo, limechomekwa kwenye simu. Ukipita nje husikii wimbo, unasikia kucha tu zinakwaruza. Juzi nilifungua mlango nikasimama pale mpaka akaniona. Nikamuuliza huo wimbo anampigia nani.

Akavua kidude cha sikio moja. "Abee, mama?"

Nikamwambia si kitu, aendelee.