Gari jeupe, mlango mweupe, lakini si weupe mmoja: mke wangu alivyomtoa meneja wa showroom nje juani

Wakuu, heshima mbele.

Haya ninayosimulia hayana chumvi. Mke wangu naye yumo humu jukwaani, anasoma kila kitu ila hachangii, kwa hiyo hata nikitaka kujipamba siwezi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Ifakara. Mke wangu, Mama Bahati, ananunua na kuuza mchele. Baada ya miaka mingi ya kuhangaika na magari yaliyozeekea kwa watu wengine, tukajichanga tukanunua pickup mpya kabisa, zero kilometa, kwenye showroom moja Dar.

Sokoni alishamwambia kila mtu: "Hili halijawahi kukaliwa na mtu."

Kumbukeni kauli hiyo. Muuza mchele akionekana hajui kutofautisha kipya na cha zamani, nani ataamini mchele wake?

Siku ya kukabidhiwa nikaletewa karatasi inayosema nimelikagua gari na halina dosari. Mimi mwenye digrii, ninayewafokea wanafunzi kwa kutosoma swali, nikasaini bila kusoma. Nilikuwa nanusa viti.

Wakati wa kurudi tukasimama Sanje kununua ndizi. Mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka. Mama muuza ndizi akalizunguka gari, akasema kwa nia njema kabisa:

"Hongereni. Mlango huu mlibadilisha lini?"

Tukatazama. Gari lilikuwa jeupe na mlango wa kushoto ulikuwa mweupe, ila kila kimoja kwa weupe wake. Mama Bahati akalipia ndizi bila kuomba punguzo. Wanaomfahamu wanajua hiyo ni hatari kuliko kufoka.

Nikapiga simu showroom. "Tunalifanyia kazi, mzee."

Nikatuma picha. "Hiyo ni camera ya simu yako, mzee."

Nikaandika email ya Kiingereza, aya nne, yenye "notwithstanding" mbili. Niliisoma kwa sauti sebuleni, nikajiona wakili. Haijajibiwa mpaka leo.

Wiki ya tatu Mama Bahati akasema, "Umeshaandika vya kutosha. Sasa twende."

Meneja alitupokea ndani, gari nikaambiwa niliingize chini ya taa. "Habari yako, madam." Akapangusa mlango kwa kitambaa, akarudi nyuma hatua mbili kama anayetazama picha ukutani.

"Rangi ni moja. Na hata kama kuna tofauti, hiyo ni cosmetic tu, haigusi performance. Halafu mzee alisaini."

Wakuu, nikatazama viatu vyangu.

Akatupatia kapeti za miguuni na kofia ili yaishe. Kofia, nakiri, niliipenda.

Mama Bahati akafungua mkoba, akatoa vifuko viwili vya mchele. Akammwagia meneja kidogo kidogo kwenye kila kiganja.

"Mwanangu, huu na huu ni mmoja?"

"Mmoja, mama."

"Njoo nje."

Nami nikalirudisha gari nje, kwenye jua la saa sita. Kulia alishika supa, ule mchele wa daraja la juu, ya msimu huu. Kushoto alishika supa iliyochanganywa na mchele wa msimu uliopita, na juani ilionekana ina umanjano kama meno ya mvuta sigara.

"Eh!" meneja akasema.

"Ndiyo. Kwenye taa kila mchele ni mweupe. Sasa geuka uutazame mlango."

Akageuka, mikono bado imejaa mchele. Mteja mmoja aliyekuwa anasubiri gari lake akaangua kicheko: "Bro, hapo umekamatwa!" Nami nikasimama pembeni kifua mbele, kama vile mpunga ule niliulima mimi.

"Shikamoo, mama," meneja akasema.

"Marahaba. Ungeanza na hiyo."

Ukweli ukatoka. Mlango ulikwaruzwa gari likishushwa, wakaupaka rangi harakaharaka, wakanyamaza.

Mama Bahati akataka mambo mawili. Ubavu mzima upakwe upya inavyotakiwa, na wamwandikie barua kwamba gari halijawahi kutumiwa na mtu, ila mlango ulikwaruzwa mikononi mwao.

Barua ikaja imeandikwa "dosari ndogo". Akairudisha.

"Ondoa 'ndogo'. Ingekuwa ndogo ungeisema mwenyewe."

Ikaletwa nyingine. Mchango wangu mimi, msomi wa familia, ulikuwa kuongeza mkato mmoja mstari wa tatu.

Kofia niliirudisha. Niliamriwa.

Tukakaa siku nne kwa shemeji, gari likakamilika. Tulipofika Sanje nikaambiwa nisimamishe. Mama yule wa ndizi akalizunguka tena, akainama, akapitisha kiganja mlangoni.

"Hili zuri," akasema. "Lile la mlango wa kiraka mliliuza?"

Mama Bahati hakumsahihisha. Alinunua mikungu miwili, na nyumbani tuna migomba.

Nilichojifunza: gari jipya lipokelee nje, mchana kweupe, lizunguke mdomo ukiwa umefungwa, ndipo uguse kalamu. Na kama nyumbani kwako kuna mtu anayejua mchele, digrii yako ikae kule nyuma na ndizi.

Nani mwingine humu ameambiwa "ni cosmetic tu"? Mwageni visa vyenu, na kwenye kunicheka msijibane. Mama Bahati anasoma, na nina hakika leo atachangia.