Kompyuta Inajipanga

Juzi nilikuwa kwenye ofisi moja ya ardhi mkoani kwetu Tanga. Jina lake nalihifadhi, ingawa yenyewe haihifadhi kitu. Mbele yangu mama mmoja wa Kigombe alikuwa akiomba faili la kiwanja chake, maana jirani ameshaanza kuchimba msingi ndani ya mpaka.

“Shikamoo mama, subiri,” karani alisema bila kuinua macho. “Kompyuta inajipanga.”

“Inajipanga?”

“Mafaili yamekatika vipande, yametawanyika ndani ya diski. Inayakusanya, kila kitu kikae mahali pake.”

Akatugeuzia skrini tuone vijisanduku vya rangi vikihama, naye akavikodolea macho kama anatazama mpira. Nyuma yake mafaili ya karatasi yalikuwa yamerundikwa sakafuni mpaka usawa wa dirisha, na moja limesukumwa chini ya mguu wa meza isiyumbe.

Mama aliutazama ule mrundo, kisha akamtazama karani.

“Haya mwanangu. Ikishajipanga, iwapange na nyie.”

Foleni nzima tukacheka. Karani naye akacheka, akaangalia saa, akaenda kula. Ofisini akabaki mfanyakazi mmoja tu, naye ni kompyuta.