Lumbesa ya Shangazi Dorkasi

Shangazi Dorkasi analima viazi Mdandu, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya yetu ya Kilutheri, na ndiye anayefua majoho meusi ya kwaya. Akisikia jambo jipya halali mpaka alifanyie kazi.

Siku moja nilimsimulia tuliyofundishwa kidato cha tatu: kwamba ulimwengu una maada ya giza, kitu kizito ambacho hakuna aliyewahi kukiona, na wataalamu wanaisaka kwa kuchungulia fotoni zenye nguvu mno kutoka angani. Huenda nyingine ni cheche zake! Ila nyingi zinazaliwa tu na mionzi ya anga ikigonga gesi huko juu, kwa hiyo kuzitofautisha ni kazi kwelikweli.

"Fotoni ndiyo nini?"

"Chembe ya mwanga, shangazi."

"Inapita bati?"

"Yenyewe inavunjikia hewani, lakini vipande vyake vingine vinapita. Hata mwilini mwako vinapita sasa hivi."

Akajishika tumbo. Kisha akalitazama ghala. "Mungu wangu, viazi!"

Kwetu kila mtu anajua kiazi kikipigwa na mwanga kinageuka kijani na kuwa kichungu. Na Nasiri, mwenye lori la Makambako, alishasema akikuta kimoja cha kijani anaiacha shehena yote iozee hapo hapo. Alikuwa anakuja kesho yake.

Nikamwambia vipande hivyo havigeuzi kiazi rangi.

"Umeviuliza viazi?"

Akaziba madirisha. Akafunika lundo kwa nyasi, mablanketi, na juu kabisa majoho yote ya kwaya.

Nasiri alipofika akakuta ghala jeusi tii.

"Kamwene, mama. Washa basi koroboi nione mzigo."

"Kamwene. Koroboi ni fotoni!"

"Fotoni ndiyo kodi mpya?"

"Kijani hutaki, taa unataka. Chagua, mwanangu."

Akachagua giza. Lakini akadai lumbesa, yaani gunia lijazwe mpaka lifure juu ya mdomo kama shavu la mwenye jino bovu. Wakajaza kwa kupapasa. Nasiri akigonga kichwa cha gunia, "Bado, ongeza!" Shangazi anazoa kilicho karibu, anashindilia. "Hapo sawa, mama, limevimba!"

Lori likaondoka. Shangazi akacheza uani peke yake.

Jumapili kwaya ikasimama kuimba na masweta. Shangazi alikuwa ametafuta majoho hadi kwenye banda la kuku. Katikati ya ubeti wa pili honi ikalia nje, na Nasiri akasimama mlangoni amekumbatia furushi jeusi.

"Samahanini, waumini. Mama Dorkasi! Nimefungua mzigo Makambako. Cha kijani hakuna hata kimoja, msimu ujao nakuja tena. Lakini lumbesa yangu, mama, yote ni kwaya!"

Kanisa zima likamgeukia shangazi. Yeye akanigeukia mimi, macho yanang'aa.

"Umeona? Cheusi, kizito, hakionekani, na kimepatikana. Waandikie wataalamu wako. Waambie kilikuwa Makambako."

Akavaa joho lake papo hapo. Kiazi kikadondoka kutoka kwenye mkono wa joho, kikabingirika mpaka miguuni pa mchungaji. Cheupe kabisa.