Mzee wa Maombi Kisimani

Ushirika wetu wa maombi pale Wajir ulikuwa mdogo: walimu, wauguzi na makarani waliotumwa huko na serikali, wengi kutoka Meru na Kakamega, tukikutana Jumapili sebuleni kwa mmoja wetu. Aliyetuongoza alikuwa karani wa ofisi ya mifugo, jirani yangu wa ploti moja, mzee aliyeomba mpaka chai ikapoa. Kila juma alirudia lile lile, kwamba moyo wa mtu huonekana katika matendo yake. Mimi ni Mkristo wa kukaa karibu na mlango, na mdomo wangu hauna breki, ila hapo nilinyamaza na kujiuliza: yake yako wapi? Tangu ahamie hakuwahi kuteka hata ndoo moja ya kutia kwenye pipa la ploti. Alinikera, siwezi kuficha.

Kiangazi hicho kisima chetu kilianza kutoa tope, tukamwita mchimbaji aje azoe mchanga chini. Alikuwa Msomali mwembamba, mcheshi, baba wa msichana niliyemfundisha darasa la tatu. Aliteremka na kamba ya nailoni kiunoni, mwenzake akiishikilia juu. Adhana ya adhuhuri ilipolia, mwenzake akaifunga kamba kwenye nguzo, akaenda msikitini, wangepokezana. Mzee alikuwa amerudi kwa chakula cha mchana, nami nilikuwa naanika nguo.

Nikasikia jiwe likidondoka majini, kisha sauti kutoka shimoni: "Futa! Mzee, futa!"

Kwa ndimi za huko v hugeuka f, na mzee hakuwa amelizoea hilo. Akapiga magoti ukingoni, akaanza kufuta mchanga kwa kiganja, kwa adabu kabisa, kama mtu anayepangusa meza kabla ya wageni. Mchanga ukammwagikia mchimbaji kichwani. Huko chini mawe ya ukuta yalikuwa yanachomoka, moja baada ya jingine.

"Anasema vuta!" nikapiga kelele. "Vuta, mzee! Kamba!"

Tukaidaka pamoja, yeye mbele, mimi nyuma. Mtu mzima ni mzito, na nailoni inakata. Alipofika katikati, ukuta ukaporomoka chini yake kwa kishindo. Nikajua tukimwachia sasa atafukiwa akiwa hai. Mara ukingo nao ukameguka, mguu mmoja wa mzee ukaingia shimoni. Nikangoja aachie kamba, ainue mikono, alitaje jina la Yesu kwa sauti ile ya Jumapili. Nilikuwa nimeshamkasirikia kabla hajafanya lolote.

Hakuiachia. Alijilaza kifudifudi, kifua juu ya mawe, na kamba ikapita viganjani mwake ikimchuna. Niliona damu kwenye nailoni. "Rudi nyuma, mwalimu," akasema mwishowe. "Rudi nayo." Nikarudi nyuma nikilia na kutukana, nilitukana nini, Mungu ndiye anajua.

Kikatokea kichwa, kisha mabega. Mchimbaji akajitupa kando yetu akikohoa mchanga, "Alhamdulillahi, alhamdulillahi." Nyuma yake ukuta uliobaki ukaanguka wote.

Nilitaka kumkumbatia mzee. Yeye alikuwa amekaa chini, hataki kunitazama. Akamgeukia mchimbaji.

"Ndugu yangu, nisamehe," akasema. "Mguu ulipoingia, nilitaka kukuachia. Nilitaka kabisa."

Nilitamani anyamaze. Nani alimuuliza? Mtu ametenda jambo jema namna ile, mbona aliharibu kwa kutufunulia moyo wake? Mchimbaji akapangusa macho. Mimi nikaogopa upya, maana sikujua mtu aliyetoka kaburini kisha akaambiwa hivyo angejibu nini.

"Walaal," akasema, neno lao la kumwita ndugu. "Wallahi hata mimi. Kama wewe ndio iko chini, hata mimi nataka kuachia."

Akaishika mikono ya mzee, akaigeuza viganja juu, akaona nyama ilivyokuwa wazi.

"Lakini hii mkono yako imekataa."