Kaka Anajua Kilichomuua Mbuzi, Lakini Amenyamaza

Ndugu Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu na la kijiji chetu, maana baba hununua gazeti hili kila anaposhuka Same.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na mitano, nasoma darasa la saba katika shule ya bweni, na sasa niko likizo nyumbani, huku milimani Upare. Mdogo wangu wa kike yuko darasa la nne. Mwisho wa mwaka atafanya mtihani wa kuingia darasa la tano, na baba amekwisha sema kwamba akishindwa atakwenda Hedaru kumlelea shangazi mtoto wake. Kusoma anasoma vizuri. Kinachomshinda ni hesabu.

Anayemfundisha hesabu nyumbani ni kaka yetu, ambaye ni mwalimu msaidizi. Kila jioni humsimamisha karibu na jiko, fimbo mkononi.

"Saba mara nane?"

"Hamsini na... na nne."

Fimbo. "Kichwa cha boga! Rudia!"

Nimemwona mdogo wangu akijibu sawasawa, kisha akabadili jibu kwa sababu tu kaka amekunja uso. Hiyo ni hesabu gani? Mtoto anausoma uso wa kaka, hasomi namba.

Nilimwomba baba nijaribu mimi, akakubali. Nikampeleka mdogo wangu zizini. "Mbuzi wanne wana miguu mingapi?" Akawanyooshea kidole mmoja mmoja, kisha akacheka. "Kumi na sita! Kumbe ndiyo hiyo nne mara nne, dada?" Tukaendelea na pembe, tukaendelea na masikio, na haikupita muda akawa ananitungia maswali mimi.

Kisha mbuzi mmoja akafa. Shangazi alikuwa amekuja kututembelea, akapiga kelele hadi majirani wakatoka.

"Nani kawahesabu hawa? Tangu lini mifugo ikanyooshewa kidole? We msomi wa bweni, wamekufundisha kulimaliza zizi la baba yako?"

"Nisamehe shangazi, lakini tazama tumbo lake lilivyovimba..."

"Nyamaza! Nimefuga kabla mama yako hajaolewa hapa!"

Baba ni mzee wa kanisa. Jumapili husimama mbele ya watu akakemea ushirikina. Lakini siku ile alitazama chini, akasema, "Michezo yako iishe. Mtoto arudi kwa kaka yake."

Kinachonichoma hasa ni hiki. Kaka ndiye aliyempasua yule mbuzi. Nilimfuata nyuma ya nyumba nikamwuliza ameona nini tumboni. Akanijibu bila haya, "Majani mabichi ya maharage, tele, ndiyo yaliyomvimbisha. Alikata kamba akaingia shambani."

"Basi mwambie baba!"

"Ili iweje? Huyu mdogo wako anahitaji fimbo. Mimi nilifundishwa kwa fimbo, na leo ni mwalimu."

Shangazi anaamini aliyoyarithi, hata kama anamtaka mdogo wangu awe yaya wake. Kaka haamini hata kidogo! Ameuacha uongo usimame kwa sababu unamfaa, na kila jioni nasikia fimbo ikilia kwa ajili ya uongo huo. Siwezi kumsamehe. Mama naye ananiambia, "Mwanangu, kaka yako ni mkubwa wako. Vumilia." Mimi nivumilie nini, na anayepigwa si mimi?

Jana tulikuwa tunapakua makande. Mdogo wangu akaitazama sufuria, akatazama bakuli, akaninong'oneza, "Dada, ukijaza hivyo hayatatutosha. Punguza robo kila bakuli." Nikapunguza, yakatosha wote. Nilipogeuka kumsifu, nilimkuta ameziba mdomo kwa mikono miwili, kama mtu aliyetukana.

Likizo inakwisha. Nikimsema kaka mbele ya baba, nitaambiwa shule imeniharibu adabu. Nikimfundisha mdogo wangu kwa siri, nitakuwa nimevunja neno la baba, na tukijulikana atakayechapwa ni yeye. Nikinyamaza, nitakuwa sawa na kaka. Ninyi walimu na wazazi mnaosoma ukurasa huu, mtoto huyu anaweza, nimemwona kwa macho yangu akiweza. Nishaurini kabla sijarudi bweni: nishike njia ipi?